Boliti ya Kamugisha

Mume wangu Muhidini akitaka kujua chuma kina nini, hufumba macho. Huingiza kidole kwenye tundu, akakizungusha taratibu, na uso wake ukatulia kama mtu anayesikia adhana kwa mbali. Ukimsemesha wakati huo hakujibu. Nimeolewa naye miaka thelathini na mbili, na miaka mitano ya kwanza nilidhani ananidharau. Nilikuwa naleta chai, naweka, nasema, narudi naikuta imepoa na nzi amefia ndani. Siku moja nikaimwaga miguuni pake. Akatazama chini, akasema kwa upole, naona mvua imeanza. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu huyu hana dharau hata chembe. Hayupo tu.

Gereji yetu iko Hamugembe, nyuma ya nyumba, migomba imeizunguka pande tatu. Asubuhi za Desemba ukungu hutoka ziwani ukapanda mpaka kwetu, ukakaa migombani bila haraka, na mashine ya kukerezea inapoanza kuunguruma huwezi kusema sauti inatoka wapi. Mashine hiyo ina umri mkubwa kuliko ndoa yetu. Muhidini aliikuta imetupwa, akaisafisha mwaka mzima kwa mafuta ya taa na msasa, na mama yake, Mhaya wa hapa hapa, akawa anawaambia watu kwamba mwanawe ameoa chuma. Babu mzaa baba alikuja mjini huku kutoka pwani na cherehani. Mjukuu akachukua vidole vya babu, akaacha nguo, akaenda kwenye ringi, bawaba na geti za watu. Siku hizi hata magari ya kale ya mapadre huja kwake. Mwenyewe hana gari, ana baiskeli, na baiskeli yenyewe haina breki.

Mimi nipo kinyume chake. Naitwa Farida, ila watu wananiita Mama Haruni, na mdomo wangu hauna kufuli. Nauza chai na maandazi mlangoni pa gereji, na hakuna gari lililowahi kuingia pale ambalo sijui habari zake na za mwenyewe. Kwa hiyo hii ya Mwalimu Rutaihwa nitaisimulia mimi, maana mkimsubiri Muhidini mtakesha.

Ilikuwa Ijumaa, siku nane kabla ya harusi. Pikapu iliingia ikivuta Volkswagen ya bluu iliyofifia, ile ya mgongo wa duara ambayo watu wote wa barabara ya Muleba wanaijua. Usukani alikuwa ameshika Mwalimu Rutaihwa mwenyewe, mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Kagoma, koti limefungwa vifungo vyote. Pembeni alikaa mkewe Celina, anasali rozari. Walikuwa wametoka Kagoma kabla ya jua, wanawahi kliniki ya macho ya Celina hapa mjini, na kwenye mteremko karibu na Kemondo usukani ukaanza kutetemeka. Mwalimu alisimama. Aliposhuka alikuta gurudumu la mbele kulia linacheza kwenye boliti zake, na boliti moja kati ya tano imebaki na nyuzi mbili tu.

Nikawapa chai. Celina aliishika kwa mikono miwili, asinywe. Mwalimu akasema harusi ya mjukuu wake Evelyne ni Jumamosi ya wiki inayofuata, na kwamba alimwahidi tangu mtoto ana miaka sita kwamba atampeleka kanisani kwa gari hili, si lingine. Alisema hivyo akimtazama mume wangu kama mtu aliye mbele ya daktari.

Muhidini alikuwa ameshavua gurudumu na kulilaza juu ya magunia. Akafumba macho.

Sisi wengine tuliona hivi: ringi ya chuma, rangi imechubuka, na pembeni ya kila tundu la boliti kuna herufi moja nyeupe iliyochorwa kwa brashi nyembamba, mwandiko wa mwalimu. Herufi tano. Tundu la herufi K lilikuwa limelika mpaka limekuwa na umbo la yai. Mawili ya jirani yake yalikuwa yanaelekea huko huko. Boliti ya Volkswagen ina kichwa cha mviringo kwa chini, na tundu la ringi lina kibakuli chake, kichwa kikae humo kitulie. Kibakuli cha K hakikuwepo tena. Fundi mmoja wa njiani alikuwa ameziba nafasi kwa washa, kile kipete chembamba cha bati, na Muhidini aliitoa ile washa akaitupa mbali, jambo ambalo kwake ni sawa na mtu mwingine kutukana.

Ndipo Mwalimu akatueleza zile herufi. Alijaliwa watoto watano, na gurudumu lina boliti tano. Walipokuwa wadogo, kila safari, walitoka nje mmoja mmoja, kila mtu anakaza boliti yake. Hawakufuata mzunguko. Waliruka kama wanaochora nyota, ili ringi ikae sawasawa, na hapo hapo wakajifunza hesabu. Derick, wa kwanza, baba yake Evelyne, ndiye aliyeanza. Kamugisha, kitinda mimba, alimaliza. Wakakua wakatawanyika, lakini kila Krismasi wakirudi nyumbani wanakaza, hata wenye mvi. Siku nyingine Mwalimu anawakazia yeye, kwa sababu anajua walipo na wanapiga simu.

Ya Kamugisha hakuikaza. Kamugisha aliondoka miaka kumi na tisa iliyopita kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya dhahabu. Akaandika barua moja. Baada ya hapo kimya, si simu, si salamu, si mtu wa kusema nilimwona. Mzee mmoja wa ukoo aliwashauri wazike shina la mgomba kibanjani, shambani kwao, badala ya mwili wake, yaishe. Mwalimu alikataa. Aliniambia mimi, akitazama chai yake, kwamba kukaza boliti ya mtu ambaye hajaaga ni kumwambia usirudi, tumeshajifunga wenyewe. Kwa hiyo ile ya K alikuwa anaiweka kwa mkono tu.

Miaka kumi na tisa! Nilitaka kumuuliza kama hesabu alizofundisha zilikuwa na boliti nne au tano. Muhidini alinikanyaga mguu.

Akamweleza Mwalimu ukweli wa fundi. Ringi kama hii dawa yake ni kutupwa, wapate nyingine. Bartholomayo muuza vyuma chakavu anazo mbili za Volkswagen. Ringi ya akiba iliyokuwa kwenye buti la mbele ilikuwa imeoza kwa kutu ukingoni, haishiki tairi. Mwalimu akasema hapana, ni hii. Muhidini akasema basi atayatoboa yale matundu matatu yawe makubwa na ya duara, atachonga pete za chuma kizito, atazipachika kwa nguvu, atachomelea, kisha atachimba vibakuli upya. Inawezekana, lakini ni kazi ya kutulia, na gari litatembea polepole, na boliti zote tano zikazwe sawa, kisha zikaguliwe baada ya safari ya kwanza.

"Nne kaza," Mwalimu akasema. "Ya K iache kwa mkono. Mwenyewe atakaza."

Muhidini alikuwa ameokota boliti ya K, anaizungusha mbele ya uso wake.

Walipoondoka na pikapu nilimwambia mume wangu maneno ambayo siyarudii hapa. Kwamba bibi harusi atapandishwa kwenye gari lenye gurudumu la maombi. Kwamba wazee wakizeeka na akili zao zinastaafu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ni watu wanne ndani ya gari. Akanisikiliza mpaka mwisho, nadhani, kisha akanipa ile boliti. Akaniambia nipapase kona za kichwa. Nikapapasa. Zilikuwa zimelika, laini kama sabuni iliyotumika. Akanipa boliti ya Derick. Kona zake zilikuwa kali.

Akasema boliti inayolegea yenyewe hula tundu, haili kichwa. Kichwa huliwa na spana. Boliti hii imekazwa na kulegezwa kuliko zote nne. Nikamuuliza nani anaikaza, kama Mwalimu haikazi? Akasema hajui. Akaenda kukaa kwenye kigoda chake, akatazama migomba, na hapo nikajua sitampata tena mpaka magharibi.

Mimi nikabaki na spana ya gari, ile ndefu inayokaa chini ya kiti cha dereva. Nilitaka kuifuta. Mpini wake ulikuwa mweusi na unanata, na sabuni haikuutoa ule weusi. Nikasema moyoni, mafuta gani haya. Nikaiweka.

Jumatatu Celina akaja peke yake. Sikumtegemea. Alikuwa na mkungu wa ndizi aliobebewa na bodaboda, na kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani la mgomba, kama mtu anayekwenda ukweni. Nikamwamkia, nikampokea. Hakuuliza gari. Alikaa, akaomba kisu, akasema tumenye ndizi, mchana unakuja. Basi tukakaa chini ya paa la gereji, mvua nyembamba inanyesha, isiyo na sauti, ile inayoweza kunyesha siku nzima bila mtu kuinua kichwa, na Muhidini ndani anakereza pete zake.

Celina anamenya haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na macho yake yanaona nusu. Aliniambia kwamba kwa muda mrefu nyumba yao imekuwa kimya. Si kwamba wanagombana. Wanaongea habari za kahawa, mvua, michango ya kanisa. Jina moja tu halitajwi. Mwaka wa kwanza alilitaja sana, akaona mumewe anapungua mwili, akaliacha. Alisema aliliacha ghafla, kama mtu anavyozima taa.

Ndipo akaniambia. Safari ya kwanza baada ya Kamugisha kuondoka, alimwona mumewe anakaza nne na kuacha ya tano. Aliogopa. Wakati Mwalimu anajinyoa, yeye akatoka jikoni, akachukua spana chini ya kiti, akaikaza. Safari iliyofuata akaikuta imelegea. Akaikaza tena. Hivyo hivyo miaka yote, akiiba dakika mbili. Ijumaa ile walitoka mapema mno, Mwalimu hakuondoka kando ya gari hata kidogo, na yeye akakaa kimya, akasali rozari mpaka Kemondo.

Nikamuuliza kwa nini asimwambie tu. Akasema mumewe huikuta imekazwa. Mara nyingi amemwona kupitia dirisha, anachuchumaa pale mbele ya gurudumu, anaigusa, anabaki pale muda mrefu, na anaporudi ndani uso wake una nuru. Anaamini Kamugisha amepita alfajiri, amekaza boliti yake, akaenda.

"Ndicho alichobaki nacho," akaniambia. "Waitu, tafadhali, Mama Haruni, mwambie fundi aikaze kwa siri. Asije akajua ni mimi."

Nilitazama vidole vyake. Utomvu wa ndizi ulikuwa umevipaka weusi mpaka kwenye kucha, weusi ule ule wa mpini wa spana, unanata vile vile. Nikanyamaza. Nilinyamaza mimi, Farida, na waliokuwa wananijua wangekuja kuchungulia kama ninaumwa.

Basi hebu angalia nilivyowekwa. Mume anaagiza ilegezwe, mke anaagiza ikazwe, bibi harusi Jumamosi, na katikati yumo fundi anayelala macho wazi. Nilimweleza Muhidini yote jioni ile ile. Nilimwambia achague. Akaniuliza kama nina wanja.

Nikadhani nimesikia vibaya. Alikuwa ameshazipachika pete, amezichomelea kidogo kidogo, huku kidogo, kule kidogo, ringi isije ikapinda kwa joto, na moto ulikuwa umeziunguza herufi tatu, K mojawapo. Sasa alikuwa anachimba vibakuli kwa kifaa alichokinoa mwenyewe, akifuata mfano wa ile ringi ya akiba iliyooza. Alitaka kujua kama kichwa cha boliti kinakaa sawa. Akakipaka wanja wangu, wanja ambao Haruni, mwanangu, aliniletea kutoka Mwanza, nilikuwa nauwekea Idi. Akaikaza boliti, akaifungua, akatazama. Weusi ulikuwa umegusa upande mmoja tu wa kibakuli. Akachimba tena punje, akapaka tena. Mara ya sita au ya saba, weusi ukazunguka kibakuli chote, pete kamili, nyembamba, kama iliyochorwa kwa unyoya. Alinionyesha. Wanja ulikuwa umekwisha, na mimi sikusema neno, kwa sababu kile kilikuwa kitu kizuri.

Matundu matatu, siku mbili. Jumatano wenzetu wakiwa kanisani na kwenye pilau za Krismasi, yeye alifunga gurudumu, akainua gari kwa jeki, akalizungusha kwa mkono. Lilizunguka bila kuyumba. Akakaa kwenye kigoda kulitazama. Nikaleta kigoda changu, nikakaa karibu naye. Lilikuwa linazunguka taratibu, bila sauti, herufi mbili nyeupe zilizobaki zinapita, zinapita, na nyuma yake migomba na ule ukungu, na sijui tulikaa muda gani. Nadhani siku hiyo ndiyo nilikwenda mimi pia huko anakokwendaga kila siku. Ni pazuri. Chai yangu ilipoa.

Alhamisi Derick akawashusha wazazi wake getini, akaendelea sokoni kununua vitu vya harusi. Mwalimu amevaa koti lile lile. Alizunguka gari, akainama, akapitisha kidole kwenye boliti moja moja. Celina alisimama karibu nami, na alinishika kiganja kwa nguvu, maana alitaka kujua kama fundi ameikaza kwa siri kama alivyoomba. Sikujua. Wallahi sikujua. Muhidini hakuwa ameniambia, na nilikuwa nimemuuliza mara nne.

Mwalimu akafika kwenye ile ambayo haina herufi tena. Ikazunguka kwa vidole vyake. Ilikuwa imelegea.

Celina akaniachia mkono. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilifungua mdomo, na nakuambia, yote yalikuwa yanatoka: jikoni, rozari, Kemondo, miaka kumi na tisa, yote. Muhidini akaniwahi. Hakupaza sauti, huwa hapazi.

"Mwalimu, nimefanya ulivyoagiza," akasema. "Nne nimekaza, hii nimeiweka kwa mkono. Lakini mimi sitoi gari hapa likiwa hivi. Mwenyewe aje akaze."

Akachukua ile spana yenye mpini mweusi. Akailaza juu ya kigoda, katikati ya wale wazee wawili, akarudi nyuma akasimama mlangoni pa mashine yake kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Bodaboda ilipita barabarani, ikaisha. Mwalimu alikuwa anaitazama spana. Mimi nilikuwa namtazama Mwalimu, nikamwona anajaribu kuinua macho na anashindwa. Kisha Celina akapiga hatua, akaichukua spana bila kuitafuta, kwa namna mtu anavyochukua mwiko wa jikoni kwake. Akapiga magoti kwenye udongo na kitenge chake kipya. Akaivalisha boliti. Alivuta mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu akaegemea kwa uzito wake wote mpaka spana ikakataa.

"Kamugisha, tata, mwanangu," akaliambia gurudumu. "Nimekaza."

Ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kutoka mdomoni mwake mbele ya mumewe tangu azime ile taa. Akageuka akiwa bado chini, akaanza kumwambia Mwalimu amsamehe, ni yeye, miaka yote ni yeye, hakuna mtu aliyepita alfajiri.

"Najua," Mwalimu akasema.

Alichuchumaa kwa shida, goti moja baada ya jingine, akaushika ule mpini. Akamwonyesha weusi. Akasema tangu siku ya kwanza aliukuta unanata, na Kamugisha hakuwahi kumenya ndizi hata moja katika maisha yake, alikuwa mvivu wa jikoni kuliko watoto wote. Alijua ni yeye kabla hata ya kuigusa boliti. Na alifurahi. Aliona mkewe hataji jina tena, hagusi nguo za mtoto, hapiti mlango wa chumba chake, akadhani amemtoa moyoni ili apone. Halafu akaikuta boliti imekazwa. Akasema basi, angalau hapa anamgusa. Akailegeza, ili safari nyingine awe na cha kukaza.

Celina alimtazama kwa yale macho yake nusu. "Ni wewe uliyekuwa unailegeza?"

"Ni mimi."

"Kila mara?"

"Kila mara. Nilidhani hata Ijumaa umeikaza."

Akampiga begani kwa kofi, kofi la kweli, la mama wa watoto watano. Akamwambia wangekufa Kemondo, mwalimu mzima wa hesabu. Halafu akakiweka kichwa chake pale pale alipopiga. Walikaa hivyo kwenye udongo wa gereji yangu, na mvua ile isiyo na sauti ikaanza tena. Mimi nilikwenda nyuma ya mashine nikalia mpaka pua ikaziba, kwa hasira na kwa huruma, siwezi kutenganisha. Watu wawili walikuwa wameimaliza ringi ya chuma kwa kufichana kitu kimoja. Muhidini alinipa kitambaa cha kufutia mafuta. Nilijipaka grisi uso mzima.

Kabla hawajaondoka Muhidini aliwaeleza tena. Wakifika Kagoma waache gari lipoe, waikague kila boliti. Harusi ikiisha waikague tena. Celina akauliza ni nani aikague ile ya K. Mwalimu akasema ni ya Celina sasa, yeye hataigusa. Nililikwangua kopo la wanja kwa njiti, nikapata kidogo kilichobaki, na Celina akachora K mpya kwa kidole, kubwa, imepinda, mahali ile ya rangi nyeupe ilipoungulia. Wakaingia garini. Ile Volkswagen ilitoka getini polepole kama ng'ombe anayetoka zizini, ikashika barabara ya Muleba.

Jumapili, baada ya harusi, simu yangu ikalia. Alikuwa Celina. Nilimuuliza bibi harusi amefika salama? Alifika, alikuwa mzuri, vigelele mpaka sauti zimekauka, gari halikutetemeka hata kidogo, nikamwambie fundi kasinge waitu, ile shukrani ya Kihaya. Nikauliza na boliti. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu anafagia uwanja.

Akasema ametoka asubuhi na spana, kama alivyozoea, Mwalimu anajinyoa. Amechuchumaa. Ameivalisha, amevuta.

"Nimeikuta imekaza," akasema. "Mama Haruni, haijasogea. Iko palepale nilipoiacha."

Nikasema alhamdulillahi, kazi ya Muhidini ni kazi. Nikasikia anavuta pumzi, kisha akaanza kulia, si kwa kelele, taratibu, mfululizo, kama mtu aliyefika msibani baada ya safari ndefu. Aliniambia hakuna aliyeilegeza. Ametazama dirishani, na Mwalimu alikuwa amesimama pale na povu shavuni, anamtazama. Akatoka nje hivyo hivyo, na mchana huu wamekubaliana kumwita yule mzee wa ukoo, wachague mgomba wa kuzika.